Mlango Unaotazama Mihogo

Janga, Ruvu
2 Septemba 1953

Kwa mama yangu mzazi, Bi Mwanaamina, Msimbu.

Shikamoo mama. Nakuamkia mara ya pili kwa niaba ya Kibwana, ambaye amesimama hapa begani pangu ananihimiza niandike kwamba ameng'oka jino la mbele, na mara ya tatu kwa niaba ya Mboni, ambaye hajui shikamoo ni kitu gani, ila akilisikia neno hilo huinamisha kichwa ashikwe, hata kama mbele yake amesimama mbuzi. Mkweo Twalibu naye anakuamkia kwa adabu zake zote, yaani kwa mbali, na uso ameutazamisha upande.

Sisi huku ni wazima kwa uwezo wa Mungu. Mafua ya kipupwe yamepita nyumba hadi nyumba na kwetu hayakusahau, lakini sasa tunapumua. Khofu yetu ni juu yako. Mjomba Mwinjuma amesema goti bado linakusumbua asubuhi, na kwamba ukiambiwa upumzike unatafuta jembe. Nakuomba ulisikilize goti lako, kwa kuwa sisi hukutusikiliza.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Twalibu alinifundisha kwa mkaa juu ya ubao wa mlango, mwaka ule ule tuliooana, na mpaka leo herufi zangu zinainama kama watu wanaobeba kuni. Mwalimu Shomari anayekusomea nampa salamu nyingi. Namwomba asome polepole na asiruke mstari hata mmoja, hata akikuta mambo ya wanawake. Akiona haya, akohoe kidogo, kisha aendelee.

Mjomba alifika salama kula Idi ya kuchinja pamoja nasi, na ule mkeka wako pamoja na korosho tumepokea, tunashukuru sana. Alipokwisha kula ndipo akatoa neno lako: kwamba Mboni akishaachishwa ziwa utakuja mwenyewe kumchukua kabla ya mvua za vuli, umlee kwako Msimbu, kama mimi nilivyolelewa na bibi, Mungu amrehemu, na kama wewe nawe ulivyolelewa na bibi yako. Nililipokea neno hilo kwa heshima, nikamwambia mjomba nitajibu kwa barua. Alicheka, akauliza tangu lini kumpa mama yako mtoto kukahitaji karatasi. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia, na nikilia sitamaliza.

Jibu ninalo, mama, lakini usilikimbilie. Nataka kwanza nikusimulie mwaka wetu tangu vuli iliyopita, ili umjue huyo unayemtaka, maana ulimwona mara moja tu, tena akiwa bado hajatimiza arobaini, wakati kazi yake ilikuwa kulala na kukunja uso.

Mvua za vuli zilipoanza nilikwenda shamba nao wote wawili, Mboni mgongoni na Kibwana mbele. Kazi ya Kibwana ilikuwa kudondosha mbegu za mahindi mashimoni, nami nikamsifu sana, maana alikuwa akidondosha vizuri kuliko baba yake. Kumbe kila niliposogea mbele yeye alirudi nyuma kufukua, atazame kama zimeota. Nilipogeuka nilikuta kazi ya asubuhi nzima imelala juu ya udongo, na kuku wa jirani wanatushukuru. Nilimpiga kofi mkononi. Akalia, akasema mbegu zilikuwa kimya mno, aliogopa zimekufa. Sasa mtoto akikujibu hivyo utamfanya nini? Twalibu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, kwa sababu si yeye aliyekuwa ameinama tangu alfajiri.

Tukampa kijishamba chake nyuma ya jiko, afukue apendavyo. Alipanda unyoya wa jogoo. Aliumwagilia kila siku, akakataza watu wasipite karibu, akamwambia kila mgeni kwamba pale patatoka jogoo mwekundu. Mama, sikujua nimwambie nini. Nikimwambia ukweli atalia, nikinyamaza atazidi kungoja. Nilichagua kunyamaza, na unyoya ukachukuliwa na upepo, naye akasema jogoo ameshatoka ameondoka mwenyewe. Nimejifunza kwamba watoto wanajua kujifariji kuliko sisi tunavyojua kuwafariji.

Kiangazi kilikuwa kigumu. Kisima chetu kilibaki tope, tukawa tunateremka mpaka kisima cha upande wa mto, debe kichwani na mtoto mgongoni. Unajua sisi tunavyoweka majani juu ya maji yasimwagike njiani. Basi Mboni alikuwa akinyoosha mkono kutoka mgongoni, anachomoa jani moja moja na kulitupa, na kila jani likienda maji yanaruka yananiingia shingoni, naye anacheka kwa sauti ile ya tumboni. Nilimgombeza kwa maneno mazito, wenzangu wakawa wanasimama njiani kwa kucheka. Nilifika nyumbani debe limebaki nusu na mimi nimelowa kama niliyeogeshwa. Nilikuwa nimechoka mpaka miguu inatetemeka, na bado nilipomfungua mgongoni nilimbusu. Sijui hasira ilikwenda wapi.

Hapo nilipata jambo jingine la kuniuma. Mboni alikuwa bado hatembei. Watoto waliozaliwa nyuma yake walikuwa wamekwisha kuanza kuiba sukari, yeye anajisogeza kwa makalio tu, ameuchafua uwanja mzima. Maneno yakaanza kisimani, kwamba mtoto amebemendwa, kwamba mimi na mume wangu hatukuwa na subira wakati ananyonya, na ndiyo maana miguu yake imelegea. (Mwalimu Shomari sasa akohoe.) Hawakunitamkia usoni. Mmoja alimwuliza mwenzake, kwa sauti ya kunifikia, kama mume wa Mwanahalima bado analala barazani. Nilijibu mwenyewe kwamba analala barazani, tena kuna baridi ya alfajiri, anayemwonea huruma aje amfunike shuka. Wakainua madebe yao. Lakini nilipofika nyumbani nililia, mama, maana Twalibu alikuwa kweli analala barazani, na mbu walikuwa wamemmaliza, na bado tunasemwa.

Siku moja nimekaa natwanga, Mboni yuko juu ya mkeka ana kipande chake cha muhogo. Kuku akaja akamnyang'anya. Mboni akapiga kelele ya kudhulumiwa, akasimama, akamfuata yule kuku mpaka kwenye ua, hatua kwa hatua, mikono juu, bila kuanguka. Alipofika uani ndipo akagundua kwamba anatembea, akaogopa, akakaa. Niliuacha mchi kwenye kinu nikamkimbilia. Kesho yake nilimtembeza kisimani kwa miguu yake mwenyewe, ingawa ni mbali, ingawa nilimbeba sehemu kubwa ya njia nikamshusha tu tulipokaribia watu. Najua ni ubishi. Nimeutoa kwa bibi.

Masika yakaja, na masika, mama, ndiyo yanayompima mwenye watoto. Mvua ilinyesha kama imeambiwa hakuna kesho. Makuti yalivuja juu ya kitanda, tukasogeza kitanda, yakavuja pale tulipokisogeza. Kuni mbichi, moshi machoni, nguo hazikauki, na Kibwana amefungiwa ndani anauliza kwa nini mvua haichoki, kwa nini chura hana shingo, kwa nini baba ana ndevu na mimi sina. Kuna siku nilitoka nikasimama mvuani mwenyewe, nimejifunika jamvi, ili mradi tu nisikie sauti isiyoniuliza kitu. Wanawake hawasemi haya, lakini nadhani kila mmoja amewahi kusimama mvuani.

Kisha Mboni akapata homa. Asubuhi alikuwa anacheza, adhuhuri amekataa uji, alasiri akakakamaa mikononi mwangu, macho yamegeuka. Nikapiga kelele. Bi Mwanne jirani yetu alikuja mbio, akanikataza nisiutaje ugonjwa kwa jina lake, akachoma mavi ya tembo akamfukiza, akamsomea. Mimi nilifuata kila nililoambiwa. Mtoto alipolegea na kuanza kupumua Twalibu akasema tumpeleke kwa dresa wa zahanati kule barabarani, na Bi Mwanne hakukataa, akasema dawa hazigombani. Baiskeli iligoma kwa tope, Twalibu akaiegemeza kwenye mti akambeba mtoto kifuani, mimi nyuma nimeshika mwavuli ambao haukumfunika yeyote. Dresa alimpa sindano, akatuagiza tumweke kitambaa cha maji kichwani, akatuambia tukae tumtazame.

Pale kwa dresa alikuwapo mama mmoja mtu mzima, amemleta mjukuu wake. Aliniona nimechoka, akataka kumshika Mboni ili ninyooshe mgongo. Mboni, ambaye tangu alasiri hakuwa na nguvu hata ya kulia, alikamata upindo wa khanga yangu kwa ngumi zote mbili, akaniita mama. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo vizuri, limekamilika. Yule mtu mzima akarudisha mikono yake, akacheka, akasema huyu anajua kwao. Mimi sikucheka. Kitu kiliniingia kifuani siku ile, na sikujua ni kitu gani mpaka mjomba alipokuja.

Alipona, tukamshukuru Mungu. Ilipoingia kipupwe mpunga ulikuwa umezaa vizuri bondeni, tukahamia shambani kulinda ndege. Twalibu alijenga dungu refu, tukakaa juu yake sote wanne kama familia ya tumbili. Hizo ndizo siku zilizokuwa tamu kuliko zote mwaka huu. Asubuhi baridi, umande, tunajifunika blanketi moja, tunachoma mihogo. Kibwana alipiga kelele za kufukuza ndege mpaka sauti ikamkauka, akawa anawafukuza kwa kunong'ona, naye hataki kuambiwa kwamba hawamsikii. Mboni alikuwa akiwaita waje. Twalibu alisema tumezaa mlinzi mmoja na mwizi mmoja. Nilimtazama anavyowachekea nikasema moyoni kwamba sina ninachomdai Mungu.

Tulipokwisha kuvuna nikaanza kumwachisha Mboni ziwa, maana miaka yake miwili ilikuwa imetimia na zaidi. Nilipaka shubiri kama alivyonifundisha Bi Mwanne. Mboni alionja, akakunja uso, akanitazama kwa masikitiko kama niliyepatwa na maradhi. Kisha akashika upindo wa khanga yangu, akaupaka mate, akanifuta polepole mpaka pakawa safi, akanyonya. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Siku zilizofuata alinifuta na mara nyingine alilia, na siku moja akaacha kuomba. Ningefurahi, lakini nilikaa jikoni nikijihisi kama niliyesahauliwa. Twalibu aliniuliza kinachoniliza ni nini ilhali nimepata nilichokitaka.

Huo ndio mwaka wetu, mama. Sasa nisikilize.

Kwanza, nina mimba. Hujaambiwa na mtu, na hapa Janga anajua Twalibu peke yake. Mungu akipenda nitajifungua masika yakianza. Mimba hii niliipata Mboni amekwisha kutimiza miaka yake miwili, kwa hiyo wa kisimani wahesabu wenyewe. Najua kwamba kwa habari hii neno lako linazidi kuwa na nguvu, kwani ndivyo inavyofanywa: ziwa likiachwa na tumbo likiingia, yule wa kwanza hupelekwa kwa bibi yake asahau ziwa, amwachie nafasi mdogo wake. Ndivyo nilivyopelekwa mimi.

Pili, na hapa nakupigia magoti, usininyime radhi yako kwa nitakayosema. Mboni sitamtoa. Hatakuja kukaa Msimbu. Sijawahi kukukatalia jambo, si kwa sababu mimi ni mtoto mwema, ila kwa sababu hujawahi kuniomba. Hili ndilo la kwanza uliloniomba tangu nimekuwa mtu mzima, na nakukatalia.

Sasa nikwambie kwa nini. Mjomba alipokwisha kutoa neno lako tulikaa uwanjani, yeye anabangua korosho, mimi nasaga. Nilimwuliza, kwa kuuliza tu, kwa nini baada yangu hukuzaa tena. Akasema kwani sijui. Akanisimulia kama mtu anayesimulia habari ya zamani inayojulikana na wote. Alisema nilipopelekwa kwa bibi ulikuwa na mimba, na ulijifungua kule Kisarawe mtoto wa kiume, na mtoto huyo hakufika hata siku ya kupewa jina. Alisema ulipotoka arobaini ulikwenda Msimbu kwa miguu, peke yako, kunifuata. Ukamwambia bibi unataka mtoto wako. Bibi akasema mtoto ameshazoea, nikitolewa sasa nitavunjika, na wewe bado kijana utazaa wengine. Ukakaa Msimbu ukinibembeleza. Kila uliponishika nililia mpaka nikarudishwa kwa bibi. Mwisho ukakunja mkeka wako ukarudi Kisarawe, na wengine hawakuja. Mjomba alisema hukulisema jambo hilo tena, kwake wala kwa mtu mwingine. Hakuona kwamba mimi nilikuwa nimeacha kusaga.

Mama, mimi nilikuwa nakuita Dada Mwanaamina. Nilikujua wewe ni yule dada anayekuja kiangazi na kashata, ananitazama sana, halafu anaondoka. Nilipokua nikaambiwa kwamba ndiye mama yangu, nililishika kwa masikio, moyo haukulishika. Bibi ndiye aliyekuwa mama. Alinilea vizuri na simnung'unikii, alinipenda kwa nguvu zake zote. Lakini nilikuwa mtoto wa kulia pasipo sababu, mchana kweupe, nimeshiba, na hakuna aliyejua ninachokitaka. Miaka yote nilifikiri ulinitoa ukaendelea na mambo yako. Nilipoolewa ukanishika mkono, sikusikia kitu, nikaona haya kwamba sisikii kitu.

Sasa nimejua kwamba ulikuja. Ulikuja ukanyimwa. Tangu mjomba alipoondoka nalifikiria hilo ninapopika, ninapofua, ninapomchana Mboni nywele. Namwona akikunja ngumi kwenye khanga yangu pale kwa dresa, nawaza kama angekuwa amekamata khanga ya mtu mwingine na mimi nimesimama pembeni. Sijui ulitembeaje njia ile ya kurudi. Mimi nisingeweza.

Ndiyo maana siwezi kumtoa. Na ndiyo maana, mama, sidhani kwamba unachokitaka ni Mboni. Unasema ni desturi, na mjomba anasema ni desturi, lakini mimi nadhani unamtaka yule uliyemfuata Msimbu ukaambiwa ameshazoea. Mboni hawezi kuwa yeye. Ukimchukua utamlea vizuri, na atakuita mama, na mimi nitakuwa dada wa kiangazi na kashata. Tutakuwa tumepata wawili wenye jeraha lile lile, na hakuna atakayekuwa amerudishiwa kitu.

Nimezungumza na Twalibu. Nilidhani atasema nimeingia wazimu. Alitafuna kijiti, kisha akasema kwamba mtu hawezi kuishi uwanja mmoja na mkwewe, watakutana kila asubuhi akienda na birika lake uani, naye atakufa kwa haya. Nikajua amekataa. Kesho yake akachukua panga akaenda porini akarudi na nguzo. Amechimba mashimo upande wa kusini wa nyumba yetu, amefunga fito, anasubiri udongo ulainike kwa mvua za kwanza akandike. Mlango ameuelekeza kwenye mihogo, ili utoke bila kumwona naye atoke bila kukuona. Kibwana amemwuliza kama nyumba hiyo imegombana na yetu mpaka ikatupa mgongo. Twalibu amemjibu kwamba hiyo ndiyo heshima, na Kibwana hajaridhika.

Nyumba ya bibi hapo Msimbu mwachie mjomba, ana watoto wakubwa wasio na pa kulala. Panda garimoshi pale Pugu, shuka Soga. Twalibu atakungoja stesheni na baiskeli. Usiogope, hatathubutu kukupakia. Atapakia mizigo, atatangulia mbele, wewe utamfuata nyuma kwa umbali unaofaa, na mimi nitakuwa katikati nikiwapelekea maneno. Usije na furushi la mgeni, mama. Njoo na kinu chako, na mkeka wa kusalia, na nguo zako zote.

Labda sasa umekasirika. Una haki. Mtoto ambaye hukupewa kumlea anakukatalia mjukuu, tena kwa karatasi, mbele ya Mwalimu Shomari. Kama ni kukasirika, naomba ukasirike ukiwa njiani unakuja, tumalizie hapa. Na kama hutaki kuja, nitakubali, lakini nataka niwe nimekwisha kukwambia.

Nina watoto wawili na wa tatu njiani. Najua kutwanga na mtoto mgongoni, najua kutoa funza kwa mwiba bila kutoa damu, najua kilio cha njaa na kilio cha uongo. Lakini asubuhi nyingine natapika, Kibwana ananiuliza, Mboni ananing'ang'ania mguuni, na mimi mwenye umri huu natamani mtu aniwekee mkono mgongoni aniambie nikae. Bibi hayupo tena. Yule binti uliyemfuata kwa miguu hakupotea, mama, yuko hapa Janga, ameshakuwa mkubwa, na hajalelewa na mama yake hata kiangazi kimoja. Ukitaka kulea, njoo unilee mimi.

Salamu zangu zimfikie mjomba Mwinjuma, mwambie kisa chake kimenitoa machozi na kwamba sikumkasirikia. Salimu jirani wote wa Msimbu, mmoja baada ya mwingine, na wale wasionikumbuka watajie jina la bibi. Mwalimu Shomari, nakushukuru kwa kusoma mpaka hapa. Tafadhali mwachie mama karatasi, na umwache peke yake kidogo.

Nakungoja, wala si kwa kiangazi tu.

Ni mimi mwanao,
Mwanahalima binti Mwanaamina